Kura Tatu: Rangi, Uraia na Daftari la Serikali

  

Nimeombwa nizungumzie ubaguzi wa rangi, na jinsi watu wa asili mbalimbali wanavyoweza kuwa taifa moja. Mada hii ina hatari yake. Msemaji akiichukua kwa ujumla huishia kutuhimiza tupendane, sisi nasi tunapiga makofi, tunakwenda kunywa chai, na hakuna aliyejifunza jambo. Kwa hiyo nimeamua kujifunga kwenye mfano mmoja, wa hapa kwetu, na nitaanza na karatasi ya kupigia kura.

Septemba 1958 Tanganyika ilianza uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Majimbo yalikuwa kumi. Matano yalipangiwa mwezi huo, matano yaliyobaki Februari 1959. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Akimchagua Mwafrika peke yake na kuziacha nafasi nyingine mbili wazi, kura yake ilikuwa imeharibika. Hivyo ndivyo jina la kura tatu lilivyozaliwa. Hata kuifikia karatasi yenyewe haikuwa rahisi, maana ulitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango walichokitaka, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Mkulima wa kawaida wa Sumbawanga au Newala hakuwa na habari na hayo.

Wekeni hesabu ya watu pembeni ya hesabu ya viti. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8 na nusu, Wahindi na Wapakistani zaidi ya 70,000, na Wazungu 20,000 na ushei. Viti: kumi, kumi, kumi. Gavana Edward Twining na maofisa wake waliuita mpango huo usawa wa mataifa. Kila rangi imepewa chake, nani alalamike?

Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza tukizungumza habari za kuukubali mchanganyiko wa watu. Mpango wa Twining ulikuwa umejaa mchanganyiko. Ungeingia ukumbini mwa Baraza ungewaona watu wa kila rangi wamepangwa safu. Mwaka 1956, kwa baraka za Gavana huyo huyo, kilianzishwa chama cha United Tanganyika Party, UTP, ambacho mlango wake ulikuwa wazi kwa Mzungu, Mhindi na Mwafrika. TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, kwa wakati huo ilikuwa ya Waafrika peke yao. Mhindi hata angependa vipi, kadi ya TANU asingepewa, na hali hiyo iliendelea mpaka 1963. Sasa leteni mgeni asiyejua lolote, mwambieni achague kati ya vyama hivyo viwili kipi ni cha kibaguzi. Atasema TANU, na kwa macho tu atakuwa hajakosea.

Lakini UTP ilikuwa inailinda nchi ambayo mtu mmoja wa rangi moja alihesabiwa sawa na mamia ya watu wa rangi nyingine, na TANU ilikuwa inadai mtu mmoja kura moja. Rangi za watu waliomo ndani ya chumba hazikuambii chumba kimejengwa kwa ajili ya nini. Nawaomba mlishike hilo, maana siku hizi makampuni yanapiga picha za wafanyakazi wa kila aina wakitabasamu kwenye kalenda, na sisi tunaridhika.

Nirudi nyuma kidogo. Hizi rangi tatu zilizopewa viti zilitoka wapi? Jibu la haraka ni kwamba Mungu aliumba watu tofauti. Sawa, lakini Mungu hakumwekea mtu pauni 150. Tofauti za sura zilikuwepo pwani hii kwa karne nyingi, na ubaguzi ulikuwepo, na utumwa ulikuwepo, hilo tusijifiche. Kilichokuja na serikali ya kikoloni ni daftari. Mtu alianza kuandikwa. Na alipokwisha kuandikwa, akapangiwa hospitali, shule, mshahara, mtaa na kinywaji kulingana na alivyoandikwa.

Anza na mtaa. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, na baadaye mji ukagawanywa kanda tatu, mgawanyo ambao Waingereza waliuendeleza. Ukizisoma kanuni za Waingereza hukutani sana na maneno Mzungu, Mhindi au Mwafrika. Unakutana na aina ya nyumba. Kanda ya kwanza ni ya nyumba za mtindo wa Ulaya, ya pili ni ya makazi na biashara, ya tatu ni ya vibanda vya wenyeji. Mwenye uwezo wa kujenga kwa mtindo wa Ulaya ni nani? Basi. Rangi haikuhitaji kutajwa, saruji ilitosha kuitaja. Katikati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja wazi, huu huu wa Mnazi Mmoja tunaofanyia sherehe, na sababu iliyotolewa ilikuwa ya kiafya: kuzuia maradhi yasivuke. Sisi tunapita pale kila siku, wengine tukienda kazini, wengine tukitafuta daladala, bila kujua kwamba tunavuka mpaka.

Hospitali nazo hivyo hivyo. Ocean Road, iliyofunguliwa 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa kwenye hospitali iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huo huo wa 1897. Jina lake mnalijua, mmelala au mmemlaza mgonjwa kwenye wodi za Sewahaji pale Muhimbili. Ni wachache sana, katika wanafunzi niliowafundisha, waliopata kuuliza huyo Sewahaji alikuwa nani.

Mshahara. Tume ya Holmes ya 1948, iliyopitia mishahara ya serikali za Afrika Mashariki, ilipendekeza mtumishi asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu mwenye kazi kama yake. Watu wazima waliosoma waliketi mezani wakakokotoa. Hawakuwa wakitukana, hawakuwa wamelewa, na nadhani wengi wao nyumbani walikuwa watu wapole. Daktari Mwafrika aliyetoka Makerere akamtibu mgonjwa yule yule, kwa dawa ile ile, akapata tatu kwa tano. Mpango huo ulidumu mpaka Tume ya Lidbury ya 1954 ilipoutengua.

Lakini ningetakiwa nichague kanuni moja tu ya kuwaonyesha wanafunzi, ningeacha mishahara na kuchukua sheria ya mikopo. Tangu miaka ya 1920 Tanganyika ilikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha ofisa wa serikali, deni hilo hakuweza kulidai mahakamani. Serikali ilisema inamlinda mwenyeji asinyonywe. Inawezekana waliamini walichokisema. Sasa tazameni ilivyofanya kazi. Mnaofanya biashara mnajua kwamba duka halianzi kwa fedha taslimu, linaanza kwa mali kauli. Kampuni kubwa inayoagiza vitu Ulaya inampa mwenye ghala la jumla, yeye anampa ndugu yake mwenye duka Kilosa au Shinyanga, na yule wa Kilosa anauza, analipa, anachukua tena. Mnyororo wote ni wa kuaminiana, na nyuma ya kuaminiana kuna mahakama. Ukimkata mtu kutoka mahakamani umemkata kutoka kwenye mnyororo. Nani atakupa marobota kumi ya khanga akijua ukikataa kulipa hana pa kwenda?

Ikapita miaka thelathini. Ukaja usemi ambao hata mimi nimekua nikiusikia, na nimeusikia kwa Waafrika wenyewe: Mwafrika hajui biashara, biashara ni ya Mhindi, iko kwenye damu yake. Katika damu! Kumbe ilikuwa kwenye kitabu cha sheria, ukurasa unaonekana, tarehe ipo. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo nililokuja kulisema jioni hii. Tumezoea kufikiri kwamba kwanza mtu anamchukia mwenzake, kisha anamtungia sheria mbaya. Mara nyingi safari inakwenda kinyume. Sheria inatungwa kwanza, kwa faida ya mtu fulani au hofu ya mtu fulani. Sheria inazaa hali. Watoto wanazaliwa ndani ya hali hiyo, wanaitazama, wanasema ndivyo watu walivyo. Dhana ya kibaguzi inakuja mwisho, kama maelezo ya jambo ambalo aliyelifanya ameshasahaulika.

Na Waafrika wa wakati ule hawakukaa wakisubiri wapendwe. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, kikazaa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijikusanya katika vyama vya ushirika na kufikia 1955 wakawa na muungano wa Victoria Federation, kiongozi wao akiwa Paul Bomani, kijana aliyekwisha kuelewa kwamba mzani wa kupimia pamba ukiwa mikononi mwa mnunuzi, mkulima atapunjwa, awe mnunuzi ni Mhindi, Mzungu au mjomba wake. Naupenda mfano wa Bomani. Hakusema tuwafukuze Wahindi Mwanza. Alinunua mizani.

Sasa turudi 1958. Mkutano wa TANU ulifanyika Tabora mwezi Januari, na swali lilikuwa moja: tushiriki kura tatu, au tususe? Wengi waliokwenda Tabora walikwenda wakiwa wamekwisha kuamua kususa, na hawakuwa wajinga. Kushiriki maana yake ni kukubali, angalau kwa siku moja, kwamba mimi Mwafrika nina wajibu wa kumpigia kura Mzungu kwa sababu ni Mzungu. Julius Nyerere, kiongozi wa chama, alibishana nao siku kadhaa. Hoja yake ilikuwa ya kisiasa kabisa: tukisusa, UTP itavichukua viti vyote, na Baraza litatunga sheria bila sisi. Tukishiriki, tutatafuta Wahindi na Wazungu wanaokubaliana nasi, tutawapigia kura, na viti vyote thelathini vitakuwa vyetu. Uamuzi uliopita unaitwa mpaka leo uamuzi wa busara.

Zuberi Mtemvu hakuuita hivyo. Alitoka TANU akaunda chama cha African National Congress, kauli yake ikiwa Afrika ni ya Waafrika. Vitabu vyetu vya shule vinampitia kwa haraka, aya moja, kama mtu aliyepotea njia. Kwenye masanduku ya kura hakupata kitu. Hata uchaguzi wa rais wa 1962 aliposhindana na Nyerere alipata kura 21,276 dhidi ya 1,127,978. Mwaka uliofuata akarudi TANU. Mimi simwoni kama mtu wa kuchekwa. Swali lake lilikuwa zuri: mkisema rangi si kitu, na mali yote iko kwa rangi moja, je, usawa wenu si wa karatasi? Jibu lake ndilo lililokuwa baya. Swali lilibaki, na litarudi kutusumbua kabla sijamaliza.

Upande wa TANU hesabu ilikubali. Wagombea iliowaunga mkono walishinda, UTP haikupata kiti, haikuchukua muda ikafa. Miongoni mwa walioingia Barazani ni Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza. Derek Bryceson, aliyekuwa rubani wa vita wa jeshi la anga la Uingereza. Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa akilima Nyanda za Juu za Kusini. Na Sophia Mustafa wa Arusha. Watu hawa walibebwa na chama ambacho kisingewapa kadi ya uanachama. Wengine walifika hadi kuwa mawaziri wakiwa katika hali hiyo. Kuna mwanafunzi aliwahi kuniambia darasani kwamba huo nao ni ubaguzi. Ndiyo, ni ubaguzi. Chama kilikuwa kinatembea na pingu ambayo kilijifunga chenyewe, na kilichukua muda mrefu kuifungua kuliko ilivyokuwa lazima.

Mtu anaweza kusema wapiga kura wa 1958 walilazimishwa tu, hawakuwa na la kufanya. Basi tazameni 1965. Viti vya rangi vimeshafutwa. Jamal na Bryceson wanasimama mbele ya wapiga kura ambao karibu wote ni Waafrika, wanashindana na Waafrika, hakuna sheria inayomlazimisha mtu yeyote kumchagua Mhindi wala Mzungu. Wote wawili walishinda. Katika historia ya uchaguzi wetu sijui siku inayonipa fahari kuliko hiyo, na hatuisherehekei.

Katikati ya 1958 na 1965 upo Oktoba 1961, na hapo nataka muone ukumbi wenyewe. Bunge lilikuwa likikutana Karimjee, jengo ambalo ukoo wa Karimjee, Mabohora wenye asili ya Kachi waliotajirika kwa biashara Zanzibar na kwa mkonge bara, ulilitoa kwa mji huu katika miaka ya 1950. Spika alikuwa Abdulkarim Karimjee. Uhuru ulibakiza wiki chache. Muswada uliokuwa mezani ulikuwa wa uraia: aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmoja akawa amezaliwa Tanganyika, ni raia siku ya uhuru bila kuomba, wengine waliokaa nchini wana miaka miwili ya kujiandikisha. Wabunge kadhaa wakasimama wakasema hapana, uraia uwe wa Waafrika. Walisema hayo chini ya dari iliyolipiwa na Mhindi, wakimwambia Spika Mhindi, mheshimiwa Spika. Mtu angeitunga tamthiliya hii ningemwambia amezidisha.

Nyerere siku ile alikasirika, na hotuba inaonekana ilitoka kwenye hasira. Aliwaambia kwamba uraia ukitenganishwa na utii kwa nchi na kufungwa kwenye rangi, hautaishia kwenye rangi. Kesho watu watabaguana kwa dini, keshokutwa kwa kabila. Aliwafananisha na watu wa Hitler. Kisha akaifanya hoja iwe ya kufa na kupona: Bunge likikataa, serikali inajiuzulu. Muswada ukapita. Alikiri pia, na hili huwa tunaliruka tunapoinukuu hotuba ile, kwamba nchi ilikuwa imekalia baruti, kwa kuwa tajiri na maskini walikuwa wamegawanyika kwa rangi. Alilielewa swali la Mtemvu vizuri. Alikataa tu lijibiwe kwenye sheria ya uraia.

Likajibiwa wapi basi? Kwanza maofisini. Nyerere aliacha uwaziri mkuu Januari 1962, na chini ya mrithi wake, Rashidi Kawawa, kazi ya kuwapandisha Waafrika serikalini ikaongezwa kasi. Hilo lilikuwa la haki. Mtu aliyezuiwa mlangoni kwa miaka arobaini hawezi kuambiwa apange foleni nyuma. Mwezi huo huo wa Januari 1962 shule zilizokuwa za rangi tatu ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja. Lakini lini dawa inaacha kuwa dawa? Tarehe 7 Januari 1964 Nyerere alitangaza kwamba tangu siku hiyo ajira za serikali hazitatofautisha raia na raia kwa asili yake. Vyama vya wafanyakazi havikufurahi. Kabla ya wiki mbili kwisha askari wa kambi ya Colito waliasi, wakidai maofisa wa Kiingereza waondoke na mishahara ipande. Sisemi tangazo lile ndilo lililozaa maasi. Nasema tu kwamba aliyekuwa akisimamia msimamo huo hakuusimamia wakati wa raha.

Mara ya pili swali lilijibiwa Aprili 1971, na hapa tunafika pagumu. Sheria ya kutwaa majengo ilisema jengo lenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe halitumii lote kwa makazi yake, linakuwa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba. Jengo lililopita miaka kumi mwenyewe hakulipwa fidia. Isomeni sheria hiyo yote, hamtaona neno Mhindi. Mnakumbuka kanuni za kanda za Dar es Salaam? Zile nazo hazikutaja rangi, zilitaja aina ya nyumba. Wenye nyumba za kupangisha za kiasi hicho mijini walikuwa karibu wote Wahindi, kwa sababu za mnyororo ule ule niliowaeleza. Waliochukuliwa walikuwemo matajiri wa kweli, na walikuwemo pia watu waliokuwa na ghorofa moja Uhindini, wanaishi juu na kupangisha chini, ndiyo akiba yao ya uzeeni. Katika miaka iliyofuata maelfu waliondoka kwenda Uingereza na Kanada.

Je, ulikuwa ubaguzi wa rangi? Nimelijadili swali hili na watu wengi, na Wahindi na Waafrika hawanipi jibu moja. Mimi nasema nia haikuwa ya rangi. Mwezi ule ule wa Azimio la Arusha, Februari 1967, Nyerere alikuwa ameandika gazetini kuonya kwamba mjamaa hawezi kuwa mbaguzi wa rangi. Na Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku tisini wahame, Nyerere alikuwa miongoni mwa viongozi wachache wa Afrika waliosema hadharani kwamba huo ni ubaguzi. Dar es Salaam haikumfukuza raia kwa sura yake. Hata hivyo matokeo yalikuwa na rangi, na serikali iliyojua vizuri jinsi sheria ya saruji ilivyowabagua baba zake ilipaswa kuliona hilo mapema. Kiwango cha 100,000 kingeweza kuwekwa juu zaidi. Fidia ingeweza kutolewa. Amir Jamal alikuwa Waziri wa Fedha wakati huo. Huwa najiuliza aliwajibu nini ndugu na marafiki zake jioni za mwezi ule.

Miaka ya 1990 nitaipita haraka, maana wengi wenu mliiona. Mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, na wenye mitaji wakaonekana tena kuwa wale wale, Mchungaji Christopher Mtikila alijaza viwanja akiwashambulia Wahindi aliowaita magabacholi, na magari na maduka ya watu yakapigwa mawe. Baadaye kwa lugha ya adabu zaidi ukaja mjadala wa uzawa, ambao mwanasiasa Iddi Simba aliupigania kwa hoja za kiuchumi. Lilikuwa swali la Mtemvu limevaa suti.

Na sisi wa leo? Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kubagua mtu kwa utaifa wake, kabila, pahala alipotoka, rangi, dini na mengineyo. Lakini bado mwanamume wa miaka hamsini anaitwa boi na mtoto wa tajiri wake. Bado kuna nyumba ambazo dalali anakuambia kwa sauti ya chini wenyewe wanataka mpangaji wa aina gani. Bado Mtanzania wa kizazi cha nne anaulizwa kwenu hasa wapi, na akijibu Lindi watu wanacheka. Na ndani ya nyumba zetu sisi weusi, mtoto mweupe kidogo anasifiwa kuliko ndugu yake mbele ya ndugu yake, kisha tunashangaa mkorogo unauzwa wapi na nani anaununua. Mengine katika haya ni ya moyoni, na moyo ni kazi ya wazazi na ya dini. Mengine ni ya daftari, na hayo ni kazi yetu sote kama raia.

Daftari la leo lina tatizo geni. Ni tupu. Sensa yetu ya mwisho kumuuliza mtu kabila lake ilikuwa ya 1967. Tuliacha kwa makusudi, na sababu ilikuwa njema. Jirani zetu wa Rwanda waliandikiwa na Wabelgiji Hutu, Tutsi au Twa kwenye kitambulisho katika miaka ya 1930, na mwaka 1994 kitambulisho hicho kikawa hukumu ya kifo kwenye kizuizi cha barabarani. Mtu asiniambie kuandikwa ni jambo dogo. Kenya wamechukua njia nyingine: wanahesabu, na mwaka 2017 waliwatambua Wamakonde kuwa kabila la 43, na miezi michache baadaye Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44. Wamakonde wa Kwale walikuwa wameishi miongo mingi bila vitambulisho, hawawezi kufungua akaunti wala kusajili laini ya simu, mpaka walipotembea kwa miguu kwenda kumdai Rais. Kwao kuandikwa kulikuwa ukombozi.

Sisi hatuandiki, tunajisifu kwamba hatuna ubaguzi, na tukiulizwa ushahidi hatuna. Benki fulani ikiajiri mameneja wa asili moja tupu, au kiwanda kikiwapandisha cheo watu wa jumuiya moja na kuwaacha wengine kwenye mashine miaka ishirini, tutajuaje? Tutasikia minong'ono, na minong'ono ndiyo chakula cha akina Mtikila. Pendekezo langu litawaudhi baadhi yenu. Mwajiri mwenye watumishi wengi, awe wa serikali au binafsi, atakiwe kila mwaka kutoa hesabu: walioomba, walioajiriwa, waliopandishwa cheo, kwa jinsia, kwa mkoa wanakotoka na kwa asili wanayojitaja wenyewe, bila majina. Hesabu hiyo ipelekwe kwa chombo cha kazi, ichapishwe, na isiunganishwe kamwe na kitambulisho cha mtu yeyote. Ofisi ndiyo ihesabiwe, mtu asiandikwe. Najua kuna wenzangu katika ukumbi huu wanaoamini kwamba hata hiyo ni kufungua mlango ambao Mwalimu Nyerere aliufunga, na ningependa niwasikie wao kwanza kabla Mwenyekiti hajatoa nafasi kwa wengine.